Mwalimu Munyao na Milango ya Kawangware

Tarehe 31 Machi 1999, Bwana Ishmael Munyao atavua kofia ya zimamoto baada ya kuivaa kwa miaka thelathini. Wengine hustaafu wakaacha kiti na kalenda ukutani. Yeye anatuachia kamba ndefu nyeupe, makapi mawili ya kupitishia kamba, mkokoteni wenye pampu, na kundi la wanawake wa Kibera wanaojua kuzima moto wa stovu vizuri kuliko baadhi yetu tunaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Wahariri wa jarida letu walinitaka mimi, Seline Adero wa chumba cha redio, niandike habari zake, wakisema nimeisikia sauti ya Munyao kuliko mtu yeyote isipokuwa mkewe. Nilipomuuliza mkewe, Mama Nthenya, aliniambia nimemshinda kwa mbali, tena nimshukuru Mungu kwa kuwa redio yangu ina kidude cha kupunguza sauti.

Munyao ni mzaliwa wa Mwala, Machakos. Alifika Nairobi akiwa kijana mwembamba (picha ipo, asiyeamini aje aione) akitafuta kazi ya kutengeneza mabomba ya maji. Siku ya watu kuandikwa kazi kulikuwa na foleni mbili zilizokaribiana, naye akaingia ile iliyokuwa na kivuli. Alipofika mbele aliulizwa kama anaogopa moto. Hakuelewa moto unahusiana vipi na mabomba, lakini kwa kuwa alikuwa amesimama tangu asubuhi, akajibu kwa sauti kubwa kwamba haogopi chochote. Akapewa mabuti. Hadi leo anashikilia kwamba hakupotea: maji ni maji, ila sisi tunayapeleka mbio.

Alianza kwa kushika mpira wa maji, akawa dereva wa gari la zimamoto, kisha kiongozi wa zamu. Angeweza kumalizia hapo na tukamwandikia nusu ukurasa. Lakini kulikuwa na siku moja huko nyuma, katika miaka ya themanini, ambayo hakupenda kuisimulia na mimi nitaisimulia kwa ufupi. Moto ulishika Gatwekera, Kibera, mchana wa upepo. Gari letu lilifika hadi barabara ilipoishia, tangi likiwa limejaa, king'ora kikilia. Mbele kulikuwa na vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Tuliunganisha mipira yote tuliyokuwa nayo na bado haikufika. Mama mmoja mgonjwa, asiyeweza kuinuka kitandani, alifia ndani. Kesho yake Munyao alikuwa na ruhusa ya mapumziko. Alivaa nguo za nyumbani, akarudi Gatwekera peke yake, akavitembea vile vichochoro kutwa nzima. Juma lililofuata akarudi tena. Tulidhani amepata mchumba wa pili, na tulisema hivyo, mpaka Mama Nthenya alipokuja kituoni kutuuliza kama tumekosa kazi.

Mwaka 1991 alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya uokoaji maalumu, yaani namna ya kuwatoa watu mashimoni, visimani, chini ya majengo yaliyoporomoka, na kokote kule ambako ngazi haifiki. Alirudi na zile kamba nyeupe, sweta zito lisilovalika Nairobi, na hamu kubwa ya kututesa. Kituo chetu kikageuka shule. Ndipo akaanza kuitwa Mwalimu.

Alichomelea mapipa matupu yakawa handaki nyuma ya karakana, akatutaka tulipite kwa kutambaa, macho yamefungwa kitambaa, tukivuta kamba. Waliolalamika kwamba pipa ni jembamba waliambiwa wapunguze chapati. Siku moja akaamua kutuonyesha mwenyewe. Alipofika katikati, handaki likanyamaza. Kisha tukaisikia sauti yake ikitoka ndani, tulivu kabisa, kama ya mhubiri: "Sasa, darasa, nataka mnieleze. Mtu akinaswa mahali kama hapa, mtaanza na nini?" Tulieleza kila tulichojua. Akasahihisha. Akauliza mengine. Somo lilikuwa refu ajabu. Hatimaye Marvin, zimamoto mdogo kuliko wote wakati huo na mwembamba kama ufito, akainama kwenye mdomo wa pipa: "Mwalimu, hii ni somo ama umekwama?" "Ni yote mawili," sauti ikajibu. "Leteni mafuta ya kupikia." Alitoka akinukia kama mandazi, akatupa alama sote, akaamuru pipa la katikati libadilishwe.

Basi, tuje kwenye yale mazoezi ya mwaka 1993, ambayo wengine bado wanatuchekea.

Munyao na mkuu wetu wa kituo, Bwana Oyoo, walipanga mazoezi makubwa ya maafa Kibera. Mpango ulikuwa hivi: baadhi yetu tungelala Gatwekera tukijifanya majeruhi wa moto na nyumba zilizoanguka, halafu magari yangekuja kwa kasi kupitia upande wa Ayany na kutuokoa, mbele ya wageni walioalikwa. Majeruhi walipakwa nyanya za kopo. Wazee wa kijiji waliarifiwa. Wazee hao nao waliwaarifu wazee wenzao, na habari ikaishia hapo hapo, kwa wazee.

Gari la kwanza lilipokata kona kutoka Ayany lilikuta turubai la harusi limefunga njia. Bibi harusi alikuwa bado hajafika na hakuna aliyekuwa tayari kulishusha. Vijana wetu wakaruka chini, wakaanza kukimbia na mipira mabegani.

Wakati huo huo, Mama Akeyo, muuza samaki wa kukaanga ambaye kibanda chake kiko karibu na reli, alitoka kumwaga maji akamwona Marvin amelala mtaroni, kifua chekundu. Akapiga ukemi uliosikika, naamini, hadi Langata. "Uwi! Watu wamekufa huku! Kujeni!" Watu wakamiminika. Hakuna aliyengoja machela. Waling'oa milango ya nyumba za jirani, wakawaweka majeruhi juu yake, wakaondoka nao mbio kuelekea zahanati.

"Mama, mimi si mgonjwa!" Marvin alijitetea akiwa juu ya mlango, hewani. "Ni mazoezi! Hii ni nyanya!"

"Amegonga kichwa huyu," Mama Akeyo akawaambia wabebaji. "Anaongea mambo ya nyanya. Mshikeni mikono asijiumize."

Magari yalipofika hatimaye, pamoja na wageni waalikwa, hapakuwa na majeruhi hata mmoja. Palikuwa na kopo tupu. Tulianza kuwatafuta majeruhi wetu nyumba kwa nyumba. Tuliwapata zahanati, wamelazwa kwa mstari, na Marvin tayari amedungwa sindano ya pepopunda.

Bwana Oyoo alikasirika hadi kofia ikamcheza. Katika kikao cha tathmini alisema tumeaibika, na kwamba mazoezi yajayo yatafanyiwa uwanjani, penye uzio. Munyao alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Alipomaliza kupangusa macho akasimama.

"Mkubwa, hawa watu walifika kabla yetu," alisema. "Walibeba watu wazima bila machela. Walijua njia. Sisi tulishindwa na turubai. Mimi naona tulipeleka mazoezi kwa watu wasiofaa. Tungewafanya wao ndio wazimamoto, sisi tulale mtaroni."

"Kwa hivyo unataka nini?"

"Nirudi nikawafundishe yaliyobaki."

Oyoo alimkubalia kwa namna ile ya mtu anayetaka kikao kiishe. Alimwambia afanye wakati wake mwenyewe, bila gari, na akileta aibu nyingine atafundisha kufagia karakana.

Munyao akaenda kibandani kwa Mama Akeyo. Mama alimtambua kabla hajaketi.

"Si wewe ule Mkamba wa nyanya?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha baadaye. Unajua mimi nilikimbia hivyo na goti bovu? Nililia juu ya huyo kijana wako. Nikamwombea! Halafu naambiwa ni mchezo." Alimgeuzia samaki kwenye karai kwa hasira, akamwekea sahani. "Kula kwanza. Sitaki kugombana na mtu ana njaa."

Munyao akala. Kisha akamweleza shida yake: magari hayaingii, mipira haifiki, na moto wa Kibera haumngoji mtu. Alihitaji watu wanaoishi humo. Mama Akeyo alimsikiliza hadi mwisho, akasema atawaleta wanawake wa kanisa lake Jumapili baada ya ibada, kwa sharti moja. Munyao asije na yale mabuti, yanatisha watoto.

Hivyo Jumapili baada ya Jumapili, Mwalimu alifundisha akiwa amevaa viatu vya kanisani. Aliwafundisha kwamba moto wa mafuta taa haumwagiwi maji, unafunikwa kwa gunia bichi au mchanga. Aliwafundisha kutambaa chini ya moshi, kufungua mabati ya nyumba iliyo mbele ya moto ili moto ukose pa kurukia, na kupuliza firimbi mara tatu kisha kunyamaza, ili anayekuja ajue upande. Hilo la kunyamaza ndilo lililowashinda kwa muda mrefu. Wao nao walimfundisha mengi. Walimwonyesha mitaro inayopitika na isiyopitika, na nani hukaa na ufunguo wa kioski cha maji kila kijiji. Mama Akeyo ndiye aliyemwuliza, huku akichambua dagaa wa omena, kwa nini pampu lazima ije na gari, ilhali kila kitu kingine Kibera huletwa na mkokoteni.

Munyao alilala na swali hilo. Alimtafuta fundi wa jua kali, wakafunga pampu ndogo juu ya mkokoteni, magurudumu mawili ya gari bovu chini, mipira mifupi ndani ya magunia yenye kanda za kubebea mgongoni. Tulipouona tulicheka hadi tukachoka. Bwana Oyoo aliuzunguka mara kadhaa, akauliza kama tutahitaji pia punda. Lakini mwaka 1995 moto uliposhika tena Gatwekera, upepo ule ule, mkokoteni uliingia. Wanawake walikuwa wameshabandua mabati ya nyumba za mbele na kutoa watu wote nje. Mama Akeyo alipuliza firimbi mara tatu, akanyamaza. Nyumba chache ziliungua, watu hawakuungua. Siku iliyofuata Oyoo aliagiza mkokoteni upakwe rangi nyekundu kama magari mengine, na uandikwe namba. Punda hakutajwa tena.

Sasa niseme habari ya Kawangware, kwa sababu hapo ndipo nilipomfahamu Munyao barabara, ingawa nilikuwa nimeketi mbali, nimevaa vipokea sauti masikioni.

Ilikuwa wakati wa mvua za mwisho wa mwaka 1997, zile zisizokatika. Alasiri simu ikaingia kutoka duka moja la Gatina, Kawangware. Mtu alikuwa anapiga kelele.

"Madam, tuma watu! Mtu ameanguka na choo!"

"Ameanguka ndani ya choo?"

"Hapana, choo ndio imemwangukia! Alikuwa anachimba! Iko ndefu hiyo shimo!"

"Yu hai?"

"Anaimba!"

Nilidhani sikusikia. Nikauliza tena. Akanijibu kwa kukata tamaa: "Anaimba, madam! Ya kanisa! Kuja haraka!"

Mchimbaji huyo alikuwa Austine, kijana kutoka upande wa ziwa, baba wa mtoto mmoja. Alikuwa chini kabisa ya shimo la choo, akichimba kwa ujira wa siku, udongo wa upande mmoja uliponyonya maji na kuporomoka. Ulimfukia hadi kifuani. Mkono mmoja ulikuwa huru. Akaanza kuimba ili walio juu wajue bado yupo.

Munyao alikuwa zamu. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa Kawangware, si mbali na hapo. Alipofika alikuta jambo lililomtisha kuliko shimo. Watu mamia walikuwa wamelizunguka, kila mmoja na jembe au koleo, wakisukumana hadi ukingoni wachungulie, na kila walipokanyaga, ardhi iliyolowa ilikuwa ikipasuka nyufa. Uzito wao ungemzika Austine kabla ya sisi kufungua kamba. Dereva wetu akashika kipaza sauti cha gari akawaamuru warudi nyuma. Hawakurudi. Mtu wao alikuwa chini. Nani angewaambia waondoke waende wapi?

Niliisikia sauti ya Munyao kupitia redio iliyoachwa wazi garini. Hakuwafukuza.

"Wazee! Kina mama! Nataka kumtoa huyu kijana, lakini nimekosa vifaa. Nani ana mlango?"

"Mlango gani?" mtu akauliza.

"Mlango wa nyumba yako! Ung'oe uniletee! Nataka milango mingi, nataka mbao, nataka vitanda! Mbio, wazee! Anayekuja na mlango ndiye anayeniokolea mtu!"

Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba umati ule ulipasuka kama chungu. Waliokuwa wamegandana ukingoni walitimka pande zote kila mtu kwake, na kwa dakika chache pembeni mwa shimo hapakuwa na mtu ila watu wetu. Hapo Munyao alikuwa amepata vitu viwili kwa ombi moja, nafasi na mbao. Mlango wa kwanza kufika ulikuwa wa kijani, juu ya kichwa cha mwanamke aliyekuwa ameloa chapachapa. Munyao aliutambua kabla ya kumtambua aliyeubeba.

"Baba Nthenya," Mama Nthenya alimwambia akiutua, "nimesikia umeomba milango. Nimeona nianze na ya kwetu, usije ukaambiwa unaomba vya watu."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko. Imekosa mlango tu."

Milango ikamiminika, ya mbao, ya mabati, mmoja ukiwa na kalenda bado imebandikwa. Wakailaza chini kuzunguka shimo ili uzito utandazike na mtu akanyage bila kuidhuru ardhi. Mingine wakaiteremsha ndani na kuikaza kwa mbao ili ishikilie kuta. Wakasimamisha miti mitatu, wakafunga kapi juu, kamba nyeupe ikapita.

Sasa ni nani angeshuka? Munyao alijitazama tumbo, akatazama shimo ambalo milango ilikuwa imelifanya jembamba zaidi. Akamgeukia Marvin. Marvin alikuwa ameshakonda kwa hofu.

"Mwalimu, hiyo ukuta ikikuja?"

"Nitakuvuta. Kamba naishika mimi mwenyewe, simpi mtu." Akamkaza mkanda, akamfunga kofia. "Shuka ukiongea na mimi. Ukinyamaza nakuja huko chini, na unajua nikiingia mimi hatutoki wote watatu."

Marvin akacheka bila kutaka, akashuka akiwa bado anacheka.

Alianza kumtoa Austine udongo kwa mikono na kwa kopo, maana koleo halikuwa na nafasi. Watu waliokuwa wamerudi, sasa wamesimama mbali nyuma ya kamba ya kuzuia watu aliyoishika Mama Nthenya, waliona kazi haiendi. Wakaanza: "Vuta! Mfungeni muvute!" Munyao hakugeuka. "Huyu si muhogo!" akawajibu. "Udongo umemshika miguu. Nikimvuta sasa nitawaletea nusu."

Yapata saa kumi na moja, kipande cha ukuta kikakatika. Nilisikia kishindo, kisha ukemi wa watu wengi, kisha sauti ya Munyao ikiita jina la Marvin. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Katika miaka yangu yote redioni sijawahi kuisikia sauti ile ikitetemeka, ila siku hiyo.

"Niko," Marvin akajibu kutoka chini. "Imenifika magoti. Mlango umeshikilia."

"Napandisha wewe."

"Hapana, Mwalimu. Nimefika kwa kiuno yake. Nikitoka inajaa tena."

Alichokifikiria Munyao hapo amekataa kuniambia. Mwenye amri alikuwa yeye, na sheria aliyotufundisha mwenyewe ni kwamba mwokoaji hutolewa kwanza. Alisimama ameshika kamba, matope hadi vifundoni. Kisha akasema, "Basi fanya haraka, na uendelee kuongea."

Tatizo jipya ni kwamba Austine alikuwa ameacha kuimba. Baridi ilikuwa imemwingia, macho yanafumba. Marvin alimpiga makofi shavuni, hakuna. Ndipo Munyao alipowageukia wale watu nyuma ya kamba, wale wale waliokuwa wanapiga kelele, akawauliza kama kuna anayeujua wimbo wa huyu kijana. Wakaujua wote. Walianza wachache, mvua ikinyesha, halafu Gatina nzima, wanaume, mafundi, wauza mboga, sauti ikaingia shimoni kama maji. Marvin anasema ubeti wa pili ulipoanza, midomo ya Austine ikasogea. Hakuwa na nguvu ya kuimba. Alikuwa anawarekebisha: walikuwa wameruka mstari.

Giza lilikuwa linaanza kushuka alipotoka. Walimpandisha polepole, amefungwa kwenye ubao, Marvin akifuata chini yake. Watu walipiga vigelegele mpaka redio yangu ikakwaruza. Neno la kwanza Austine alilosema alipowekwa chini lilikuwa "buti". Lilikuwa limebaki chini, jipya kabisa. Munyao akamwinamia, akamwambia aliache huko huko, choo hicho kitakuwa na msingi imara. Kisha akaenda nyuma ya gari. Dereva alimfuata akidhani ameumia. Alimkuta ameketi kwenye ngazi, ameshika viganja vilivyochunwa na kamba, anasali kwa Kikamba.

Alikuwa na kazi moja iliyosalia. Milango. Hakukubali gari liondoke kabla kila nyumba haijafungwa, maana watu wangelalaje? Basi wazimamoto wote wakawa mafundi seremala. Familia mbili ziligombea mlango mmoja wa buluu, na mzee mmoja alipewa mlango mzuri kuliko wake akaupokea bila neno, macho yake yakitazama angani. Mlango wa kijani wa kwa Munyao ulikuwa umebaki shimoni, umekaza ukuta, hauwezi kutolewa. Siku kadhaa Mama Nthenya alifunga nyumba yake kwa turubai lenye nembo ya zimamoto. Anasema hakuibiwa kitu. Majirani walikuwa wakilinda zamu.

Mbinu hiyo ya kuomba badala ya kufukuza sasa ni somo katika mafunzo yetu. Vituo vingine vimekuja kuiga mkokoteni. Zaidi ya wanawake mia wa Kibera na Kawangware wamepitia mikononi mwa Mwalimu, na Mama Akeyo sasa ndiye anayewafundisha wapya, akiwa mkali kuliko yeye. Bwana Oyoo ndiye aliyependekeza Munyao apandishwe cheo mwaka jana, kwa maneno mazuri mno hata Munyao akauliza kama kuna Munyao mwingine kituoni.

Wiki iliyopita alikuja kazini amevaa suti, kwa ajili ya picha ya pamoja. Mpiga picha alikuwa bado anatupanga, wafupi mbele, kengele ikalia. Moto katika karakana moja, Kawangware, na fundi mmoja amenaswa chini ya mabati na mihimili. Mstari wote wa picha ukayeyuka. Munyao naye alianza kukimbia, hatua mbili tatu, suti ikimbana. Marvin, ambaye sasa ndiye kiongozi wa zamu, alimpita akivaa kofia, akasimama nusu sekunde wakitazamana. Munyao akamfungulia mlango wa gari, akaufunga nyuma yake, magari yakaondoka.

Akaja chumbani kwangu. Aliketi kwenye stuli, mikono magotini, nami nikaongeza sauti ya redio bila kuombwa. Tulimsikia Marvin akiwauliza watu njia. Tulimsikia akituma kamba upande wa nyuma, akiomba mbao, akimwambia fundi aliyenaswa aendelee kuongea. Palikuwa na muda mrefu wa mikwaruzo tu. Kipaza sauti kilikuwa mezani mbele ya Munyao, karibu na kiganja chake. Nilikisukuma kidogo kwake. Alikitazama, akatikisa kichwa, akavirudisha viganja magotini.

Kisha Marvin: "Tumempata. Ni mzima. Analalamika juu ya mguu."

Munyao alivuta pumzi hadi vifungo vya suti vikalia. Akainuka, akanishukuru kwa chai ambayo sikuwa nimempa, akachukua kofia yake akaenda zake nyumbani mapema, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

Mwalimu, wewe na Mama Nthenya mnahamia Mwala, ambako tunasikia majirani wameanza kukuulizia habari za visima vyao. Ahsante kwa kamba, kwa mapipa, hata kwa sindano ya pepopunda. Watu wanaotembea mjini leo kwa ajili yako ni wengi, na wengi wao hawakujui. Sisi tunakujua. Mungu akujalie miaka mingi ya kulala usiku mzima bila kengele, mvua za kiasi shambani, na chapati nyingi upendavyo. Nenda salama.

Seline Adero, kwa niaba ya wote wa kituoni